Chuma Kimoja, Majibu Matatu: Jinsi Kompyuta Inavyozisoma Nguzo Zilizochongoka

Maghala ya chuma yanayoota kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, au kando ya Mombasa Road jijini Nairobi, yana sura inayotambulika kwa mbali. Nguzo ni nyembamba chini na zinapanuka kadiri zinavyopanda. Boriti za paa ni nene kwenye mabega, pale zinapokutana na nguzo, kisha zinasinyaa kuelekea katikati. Hakuna kenchi ndani wala nguzo za katikati, ni uwazi mtupu kutoka ukuta hadi ukuta.

Wape wahandisi watatu fremu moja ya ghala kama hilo, kila mmoja aiingize kwenye programu yake ya uchambuzi. Kuna uwezekano mkubwa kwamba watarudi na majibu matatu. Mmoja atasema chuma kinatosha, wa pili atasema paa linanepa kupita kiasi, wa tatu atataka bamba nene zaidi begani. Mwenye mradi hubaki ameshika kichwa, na mkaguzi wa michoro hajui amwamini nani. Mara nyingi hakuna aliyekosea kujumlisha wala kuzidisha. Walichotofautiana ni namna ya kuieleza kompyuta kitu ambacho unene wake haukai mahali pamoja.

Uchambuzi huu unapitia njia tatu zinazotumika, nguvu na udhaifu wa kila moja, na mahali ambapo tofauti yao ni ndogo tu na mahali ambapo inaweza kuangusha jengo.

Kwa nini chuma huchongolewa

Wazo lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Mwaka 1638 Galileo alionyesha kwamba boriti iliyoshikwa upande mmoja na kubebeshwa mzigo kwenye ncha haihitaji unene uleule mwili mzima. Ikichongwa kwa mkunjo wa parabola, kila sehemu yake inakuwa na nguvu inayolingana na kazi inayoifanya. Hesabu yake ya ukubwa wa nguvu ilikuwa na kasoro, lakini umbo alilopata ni sahihi hadi leo.

Fremu ya ghala inafuata hoja hiyohiyo. Mzigo wa paa huleta momenti ya kupinda iliyo kubwa begani na ndogo chini ya nguzo, hasa pale nguzo inapokaa kwenye msingi kama bawaba. Kuweka chuma kinene mahali pasipo na momenti ni kulipia uzito usiofanya kazi. Kiwandani nako njia ni rahisi: bamba moja la mstatili likikatwa kwa mshazari hutoa kuta mbili zilizochongoka bila kubakiza makapi. Kila ukuta huchomelewa bapa la juu na la chini, ikapatikana nguzo yenye sura ya herufi I.

Kwa hiyo umbo hili ni la kiuchumi, na halitatoweka. Tatizo ni kwamba kanuni nyingi za darasani, na elementi nyingi za fremu (vipande ambavyo kompyuta huvitumia kukokotoa) ndani ya programu, zilijengwa juu ya boriti yenye umbo sawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mambo manne yanayobadilika kwa pamoja

Mkanganyiko unaanzia kwenye dhana kwamba kinachobadilika ni kina cha chuma peke yake. Kwa kweli yanabadilika mambo manne, na kila njia ya kuigiza huyashughulikia kwa kiwango tofauti.

La kwanza ni ukinzani wa kupinda, ambao wahandisi huuandika kwa herufi I. Ukinzani huu haupandi sambamba na kina. Kwenye chuma chenye mabapa mazito na ukuta mwembamba hufuata takriban mraba wa kina, na kwenye mbao ya mstatili yenye upana uleule hufuata mchemraba wake. Nguzo inayotoka milimita 300 hadi 900 imeongezeka kina mara tatu, lakini ukinzani wake umepanda karibu mara tisa.

La pili ni mhimili. Nguzo nyingi za maghala zina uso wa nje uliosimama wima ili kubeba mabati ya ukuta, na mteremko wote uko upande wa ndani. Mstari wa katikati ya chuma kwa hiyo hausimami wima. Nguzo yenye kina cha milimita 250 chini na 800 juu imehamisha katikati yake kwa milimita 275. Ikiwa inabeba kilonewtoni 100 za mgandamizo, uhamisho huo peke yake una thamani ya momenti ya kilonewtoni-mita 27.5. Aliyechora mstari mmoja wima kwenye skrini bila kuiambia programu uko wapi kati ya uso na katikati, ameipoteza momenti hiyo au ameiweka pasipo pake.

La tatu ni njia inayofuatwa na kani ya kukata. Bapa lililolala mshazari likivutwa au kugandamizwa, sehemu ya kani yake huelekea juu au chini, hivyo huusaidia ukuta wa kati au huuongezea mzigo. Jambo hili huitwa athari ya Résal, kwa jina la Jean Résal, mhandisi Mfaransa aliyeshiriki kusanifu daraja la Pont Alexandre III jijini Paris.

La nne ni namna chuma kinavyopoteza uthabiti. Nguzo inaweza kukunjika kwa mgandamizo, na boriti inaweza kulala ubavu huku ikijisokota. Urefu na umbo la kipande kizima ndivyo vinavyoamua hilo. Kukiangalia kipande mahali pamoja hakutoshi.

Njia ya kwanza: kukata ngazi ngazi

Njia kongwe, inayopatikana katika kila programu, ni kuigawa nguzo katika vipande vifupi na kukipa kila kipande umbo sawa lenye kina cha katikati yake. Mteremko unageuka ngazi.

Ubora wake unaweza kupimwa kwa mkono. Tuchukue boriti ya mita 6 iliyoshikwa upande wa kina cha milimita 900, yenye ncha ya milimita 300, ikibeba mzigo mmoja kwenye ncha. Tuseme mabapa ndiyo yanayobeba momenti yote, na tupuuze mnepo utokanao na kani ya kukata. Tukilinganisha mnepo wa ncha na jibu kamili la kalkulasi, tunapata:

- Kipande 1 chenye kina cha wastani, milimita 600: mnepo unazidi kwa asilimia 42.
- Vipande 2: unazidi kwa asilimia 11.
- Vipande 4: unazidi kwa asilimia 2.7.
- Vipande 8: unazidi kwa asilimia 0.7.

Somo ni wazi. Kila idadi ya vipande ikiongezwa mara mbili, kosa hupungua hadi karibu robo. Kutumia kina cha wastani kwa nguzo nzima ni kubahatisha, ilhali vipande vinane vinatosha kwa kazi ya kawaida. Anayekata vipande hamsini anajaza skrini bila kupata faida ya maana.

Nguvu ya njia hii ni uwazi wake: kila namba inaweza kukaguliwa, na mhimili unaweza kuinamishwa kwa kuhamisha nodi, yaani pointi zinazounganisha vipande. Ina udhaifu wa namna mbili, na wote ni wa kimya. Kwanza, ngazi hazina mshazari, kwa hiyo athari ya Résal haionekani. Kwenye boriti ya mfano wetu, karibu na shina, yaani upande ulioshikwa, mabapa yaliyoinama hubeba theluthi mbili za kani ya kukata na ukuta hubaki na theluthi moja tu. Ngazi huutwisha ukuta kani yote. Hapo kosa liko upande wa usalama, lakini linabeba gharama. Pale momenti inapoongezeka kuelekea upande mwembamba, athari hugeuka: mabapa huuongezea ukuta mzigo, na ngazi zinaficha hatari.

Udhaifu wa pili ni mbaya zaidi. Programu nyingi, zisipoelekezwa vingine, huchukulia umbali kati ya nodi mbili kuwa ndio urefu wa kukunjika. Nguzo ya mita 6 iliyokatwa vipande vinane inakuwa, machoni pa kompyuta, nguzo nane fupi za sentimita 75. Kwa kanuni ya Euler, mzigo wa kukunjika huenda kinyume na mraba wa urefu, kwa hiyo kila kipande kitaonekana kuwa na uwezo mara 64 ya ule ambao kingekuwa nao kwa urefu wa mita 6. Ripoti itatoka na alama za kijani ukurasa mzima. Mhandisi aliyeongeza vipande ili apate usahihi wa mnepo ameufuta, bila kujua, ukaguzi wa uthabiti.

Njia ya pili: elementi inayojua mteremko

Programu kubwa zina elementi maalumu. STAAD.Pro humruhusu mhandisi kueleza chuma cha herufi I kwa kina cha mwanzo na cha mwisho pamoja na vipimo vya mabapa. SAP2000 humtaka achague maumbo ya ncha mbili, kisha aseme ukinzani wa kupinda unabadilikaje kati yao: kwa mstari, kwa parabola au kwa mchemraba.

Faida ni kubwa. Nguzo inabaki kipande kimoja kutoka msingi hadi begani, kwa hiyo programu haidanganyiki kirahisi kuhusu urefu wake. Michoro ya momenti haina ngazi. Kubadilisha kina ni kazi ya dakika moja.

Lakini uchaguzi ule wa mstari, parabola au mchemraba si pambo. Turudi kwenye boriti yetu ya mita 6. Parabola, inayolingana na chuma cha mabapa mazito, inatoa jibu sahihi. Mchemraba unazidisha mnepo kwa takriban asilimia 6. Mstari unaupunguza kwa takriban asilimia 13, yaani unaifanya boriti ionekane imara kuliko ilivyo. Kitufe kimoja kilichoachwa kama kilivyokutwa kinaweza kuleta kosa kubwa kuliko la kukata vipande viwili tu, tena upande wa hatari.

Udhaifu mwingine ni kwamba elementi hii ni kama sanduku lililofungwa. Programu moja inaweza kukokotoa mabadiliko kwa usahihi, nyingine ikakata ngazi ndani kwa ndani, nyingine ikachukua wastani. Athari ya Résal huachwa mara nyingi. Uchambuzi unaozingatia kuyumba kwa fremu chini ya mzigo bado unaweza kuhitaji nguzo igawanywe, kwa sababu elementi moja haioni vizuri mkunjo ulio katikati yake. Tena, elementi za kawaida za fremu zina miondoko sita kwa kila nodi: mitatu ya kusogea na mitatu ya kuzunguka. Hazina nafasi ya mabapa kupindana pande tofauti, jambo ambalo ndilo kiini cha boriti kulala ubavu.

Ukaguzi wa mkazo nao una mtego wake. Wengi hukagua ncha mbili na kuridhika. Chukua boriti ya mbao ya mstatili, upana uleule, ambayo kina chake kwenye shina ni mara tatu ya kile cha ncha, ikibeba mzigo kwenye ncha. Mkazo mkubwa hauko kwenye shina bali katikati ya urefu, na unazidi wa shina kwa asilimia 12.5. Aliyekagua shina peke yake amekagua mahali pasipo pabaya zaidi.

Njia ya tatu: kujenga chuma kizima kwa bamba

Njia ya tatu huiacha dhana ya mstari. Mabapa, ukuta wa kati na bamba za kuimarisha huchorwa kama vilivyo, kisha hugawanywa katika elementi ndogo za bamba, mamia au maelfu.

Hapa mambo yote manne huja yenyewe. Mhimili unainama kwa sababu chuma chenyewe kimeinama, na bapa la mshazari linabeba sehemu yake ya kani ya kukata bila kuambiwa. Ukuta mwembamba unaonekana ukikunjamana. Bega, ambako nguzo na boriti zinakutana na kani hubadili mwelekeo, linaonyesha tabia ambayo mstari hauwezi kuionyesha. Kwenye suala la kulala ubavu, faida hii si ya kinadharia tu. Watafiti wa Ureno Anísio Andrade na Dinar Camotim, katika kazi waliyochapisha mwaka 2005, walionyesha kwamba boriti iliyochongoka haiwezi kuchukuliwa kama mfululizo wa vipande vyenye umbo sawa, kwa kuwa mwinamo wenyewe wa mabapa unaingia katika hesabu ya kujisokota. Kuongeza ngazi hakuurudishi mwinamo huo.

Bei yake ni kubwa. Kazi ya saa moja inakuwa ya siku kadhaa. Matokeo yanatoka kama ramani ya rangi za mkazo badala ya momenti na kani ambazo viwango vinauliza. Kwenye kona za ndani mkazo hupanda kila elementi zinapofanywa ndogo zaidi, bila kufika mwisho, na asiyejua huongeza unene kwa sababu ya namba isiyo na maana. Kila upau wa paa unaolizuia bapa lisiende ubavu lazima uwekwe mahali pake na upande wake. Ukiwekwa kwenye bapa lisilo lake, uthabiti wote ni wa kufikirika.

Kuna pia udanganyifu wa ukamilifu. Chuma cha kwenye skrini kimenyooka kabisa. Cha kiwandani kina mpindo mdogo na mikazo iliyobaki baada ya kuchomelewa. Programu ikisema fremu itakunjika mzigo ukifika mara tatu ya ule uliowekwa, haina maana kwamba fremu inaweza kubeba mara tatu. Huo ni mzigo wa kinadharia, na uwezo halisi huwa chini yake hadi kasoro hizo na kuvia kwa chuma, yaani kubadilika umbo bila kurudi, viingizwe kwenye hesabu.

Viwango vinasimama wapi

Viwango vyenyewe vimechangia mkanganyiko. Nchini Marekani, kazi ya Lee, Morrell na Ketter ya mwaka 1972 iliweka msingi wa kanuni za chuma kilichochongoka, zikaingia katika viwango vya AISC, taasisi ya ujenzi wa chuma ya nchi hiyo. Toleo la 2005 liliziacha, na mwaka 2011 ukaja mwongozo wa 25 wa AISC uliojaza pengo hilo. Mantiki yake ni kutafuta mzigo wa kukunjika wa kipande chote kilichochongoka, kisha kuuhamishia kwenye nguzo ya kufikirika yenye umbo sawa ambayo kanuni za kawaida zinaijua.

Uingereza, BS 5950 ya mwaka 2000 ilikuwa na kiambatisho G kilichogusa boriti za namna hii, lakini kiwango hicho kiliondolewa mwaka 2010. Eurocode 3 iliyochukua nafasi yake inatoa, katika kifungu 6.3.4 cha toleo lake la 2005, njia ya jumla: unatafuta mzigo unaoifikisha fremu ukomo wake ndani ya uso wake, unatafuta mzigo unaoikunja kwenda ubavu, na uwiano wa hivyo viwili ndio unaosema wembamba wake. Ni njia pana na inatumika kwa umbo lolote. Wakosoaji wake wanasema uchaguzi wa mkunjo unaopunguza uwezo kulingana na wembamba huo hauna msingi imara wa kimakanika, na kwamba matokeo wakati mwingine hubana kupita kiasi.

Zinachokubaliana pande hizi mbili ni kimoja: uthabiti huamuliwa kwa kipande kizima kati ya vizuizi vyake halisi.

Kuziweka kwenye mizani

Zikipimwa kwa mnepo na mgawanyo wa momenti, njia ya ngazi nane na ile ya elementi iliyochaguliwa vizuri zinakaribiana mno kiasi kwamba ubishi kati yake ni wa ladha. Anayepaswa kuondolewa mezani ni yule wa kina cha wastani. Kosa lake haliishii kwenye mnepo. Fremu ya ghala hugawa momenti kwa kufuata ukakamavu, na bega nene huvuta momenti zaidi kuja kwake. Ukilifanya bega lionekane jembamba kuliko lilivyo, momenti ya bega inapungua kwenye karatasi na ya katikati ya paa inaongezeka. Kiungo kinachounganisha chuma begani, mahali nyeti kuliko pote, kinasanifiwa kwa momenti ndogo kuliko ile kitakayoipata.

Zikipimwa kwa uthabiti, mambo yanageuka. Ngazi zinadanganya kuhusu urefu, elementi ya kawaida haioni kujisokota kwa mabapa, na bamba zinaona yote lakini zinamdai mtumiaji ujuzi ambao picha yenye rangi nzuri haiuthibitishi. Hapa hakuna njia inayojitosheleza.

Zikipimwa kwa gharama, modeli ya bamba kwa fremu kumi na tano za ghala la kawaida ni anasa. Kwa bega moja lenye umbo geni, au boriti ndefu yenye ukuta mwembamba na vizuizi vichache, ni bima ya bei nafuu.

Kwa hiyo mpangilio unaosimama ni wa kugawana kazi. Mstari, kwa elementi au kwa ngazi, utoe kani na mnepo. Urefu wa kukunjika uandikwe na mhandisi mwenyewe kwa kila mwelekeo, kufuatana na mahali vizuizi vilipo kweli. Sehemu za chuma zikaguliwe katika pointi kadhaa za urefu, pamoja na zile za kati. Bamba zitumike pale maswali mawili, la bega na la kulala ubavu, yanapozidi uwezo wa kanuni. Kisha mahali pamoja, hata pamoja tu, hesabu ya mkono ilinganishwe na skrini.

Kwa muhtasari

Majibu matatu kwa chuma kimoja hayatokani na kompyuta kuharibika. Yanatokana na kuchanganya maswali mawili: kani ziko wapi, na je, chuma kitasimama? Swali la kwanza lina njia zaidi ya moja sahihi, na tofauti kati yake hufutika vipande vikitosha au sheria ya mabadiliko ikichaguliwa ipasavyo. Swali la pili halijibiwi na modeli iliyotengenezwa kwa ajili ya la kwanza, hata iwe na vipande vingapi.

Mkaguzi anayepokea michoro ya ghala hahitaji kuuliza programu gani ilitumika. Aulize mambo manne: mhimili ulichorwa wapi, ukinzani wa kupinda ulibadilishwa kwa sheria gani, urefu wa kukunjika ulikuwa mita ngapi na nani aliuandika, na ni kipi kinachozuia bapa la ndani lisiende ubavu. Wahandisi watatu wakiyajibu hayo manne kwa namna moja, majibu yao yatakaribiana bila kujali walitumia njia ipi. Wasipokubaliana, mkaguzi atajua mahali hasa pa kuanzia kuchimba.